Kwa Nini Barabara ya Vughere Ina Kiwiko

Watu wa kupita husema barabara ya Vughere ilichimbwa na walevi. Husema hivyo wakiwa juu ya pikipiki zao, wanapofika pale ambapo barabara, baada ya kupanda imenyooka tangu kule nyikani, inakata kulia ghafla, inalizunguka bwawa letu, halafu inarudi kuifuata njia yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanacheka. Wanasema wachimbaji walikuwa wamekunywa dengelua, ile pombe ya miwa, wakapotea hapo hapo walipokuwa wamesimama. Uongo huo umesemwa miaka mingi hata watoto wetu wenyewe wanausimulia shuleni kama jambo la kuchekesha. Basi leo ukome. Kaeni vizuri, na anayetafuna muwa autafune polepole, maana nina hasira na sitaki kurudia maneno.

Hapo kale, Vughere haikuwa na pembe. Siku hizi mkiitazama kwenye ramani iliyobandikwa katika ofisi ya kata mnaiona kama kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu, isipokuwa uvimbe mmoja ubavuni. Zamani haikuwa hivyo. Juu ilianzia msituni, ambako vijito vinatoka. Chini iliishia pale ambapo mlima unachoka na nyika inaanza. Ubavuni mipaka yake ilikwenda na maji. Kijito kikipinda, na mpaka ulipinda. Pasipo na kijito yalipandwa masale, ile mimea ya majani marefu mnayoiona makaburini, na hakuna aliyethubutu kung'oa isale la mpakani. Koo nne ziliishi humo kwa vizazi, na hakuna aliyewahi kuuliza Vughere ina upana wa maili ngapi. Jibu lingemsaidia nani?

Upande wa mashariki, karibu kabisa na masale ya mpaka, palikuwa na ndiva. Mgeni akiiona ndiva atasema ni bwawa tu, lakini bwawa linaweza kuachwa likajitunza lenyewe; ndiva haiachwi. Maji ya kijito huingizwa humo yakajaa, kisha mlango wake unazibuliwa yakateremka kwa mifereji mpaka mashambani, shamba la huyu leo na la yule kesho, kwa zamu ambayo kila mtoto aliijua kabla hajajua kuhesabu. Kila mwaka, kabla ya kupanda, pembe lilipulizwa na watu wote wakaenda msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Waliondoa tope la zamani, wakaikandika kingo kwa udongo mpya wa mfinyanzi. Baada ya hapo ndiva ilifungwa siku nne. Hakuna aliyeikaribia, wala mwenyeji wala mgeni. Wapo wanaodhani huo ulikuwa uchawi. Hapakuwa na uchawi wowote. Udongo mbichi ukikanyagwa hupasuka, na ukipasuka maji hayakai, na maji yasipokaa watu hawali.

Mpiga pembe wa wakati huo aliitwa Kajiru. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye adabu mpaka ikakera. Akikutana na mbuzi njiani alimpisha. Mkewe aliitwa Namkunda, na yeye hakuwapisha mbuzi. Shamba lao lilikuwa la mwisho kupata maji, kule mfereji unakoishia, kwa hiyo Namkunda alikuwa wa kwanza kujua ndiva inapovuja na wa kwanza kusema. Walikuwa na mtoto mmoja, Mbonea, na wenyewe waliitana Baba Mbonea na Mama Mbonea.

Mwaka mmoja serikali ya wageni ilimtuma mpimaji. Alikuja na mkalimani, na wanaume sita waliobeba mnyororo wa chuma, na mzigo wa vigingi. Watu wakampa jina la Bwana Mnyororo. Alitaka mwenyeji wa kumtangulia mpakani, na wazee wote wakamtaja Kajiru, kwa sababu hakuna isale ambalo Kajiru hakulijua. Bwana Mnyororo alikuja siku ya pili baada ya kukandika. Ndiva ilikuwa imefungwa.

Hapa ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo lisingefanywa na mtu mkorofi. Kajiru alipofika karibu na ndiva alisimama. Mpaka ulikuwa ng'ambo ya pili ya maji, kwenye masale, lakini kuufikia ilikuwa lazima kupita kando kabisa ya udongo mbichi na kuzama matopeni hadi magotini. Kajiru akamtazama mgeni, akatazama viatu vyake vilivyong'aa. Akaonyesha kwa kidevu kule kwenye masale, akasema, "Mpaka ni ule kule, nyuma ya ndiva. Ila leo hapapitiki. Mgeni hapitishwi matopeni. Tupite huku juu." Akawapitisha njia ya mgongoni, upande wa magharibi, njia kavu yenye kivuli. Mkalimani alikuwa ameshiba makande aliyopakuliwa na Namkunda mwenyewe, mahindi na maharage yaliyoiva vizuri, na jua lilikuwa kali. Hakujisumbua kutafsiri. Bwana Mnyororo naye hakuuliza. Alipokanyaga ndipo alipopigilia vigingi. Kigingi cha chini kilikuwa cha saruji, na cha juu cha saruji. Vya katikati vilikuwa vya mti. Jioni ile aliwashika watu mikono, akasifu chakula, akasifu njia, akaenda zake. Namkunda alimfungia na miwa mitatu ya kutafuna safarini. Maisha yake yote hakujisamehe ile miwa.

Mwaka haukuisha. Ng'ambo ya mpaka palikuwa na shamba kubwa la mkonge, na siku moja mnyapara wa shamba hilo alikuja ndivani na watu wanne na karatasi. Akauziba mlango wa ndiva kwa mbao na mawe. Kisha akatoboa ukingo wa pili, maji yakateremkia upande wa mkonge, kwenye mashine ya kuchakatia. Wanawake waliokuwa wakipalilia walikimbia kwenda kuuliza kulikoni. Mnyapara aliwaonyesha karatasi, ambayo hakuna hata mmoja aliyeweza kuisoma, akawaambia wamesimama kwenye shamba la watu.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Namkunda alikaa mwishoni mwa mfereji wake siku tatu akisubiri zamu yake, na zamu ikapita, na mfereji ukakauka mpaka ukaanza kupasuka. Majani yalijikunja. Alirudi nyumbani amefura, akamkuta Kajiru amekaa kizingitini na pembe magotini.

"Baba Mbonea, ulimpitisha wapi yule mtu?"

Kajiru aligeuza pembe magotini. "Njia ya wageni," akasema.

"Njia ya wageni! Anatupimia nchi, wewe unamwangalia viatu?"

"Udongo ulikuwa mbichi, Mama Mbonea. Na nilimwonyesha. Nilimwonyesha kabisa."

Namkunda alitaka kusema zaidi, na mtu yeyote angesema zaidi. Lakini alikumbuka makande, akakumbuka miwa. Kajiru aliingia ndani akalitundika pembe juu ya jiko, palipo na moshi, akasema halipulizi tena. Hiyo ndiyo hali waliyoachiwa: mume anayeona aibu kwa sababu ya adabu yake, na mke asiyejua amkasirikie nani kwanza.

Basi akaamua kumkasirikia anayestahili. Alikwenda bomani kwa miguu, mwendo wa siku nzima, na wanawake wawili wa koo nyingine. Waliwekwa nje tangu asubuhi hadi watu walipoanza kufunga madirisha. Bwana wa boma alipowaita hakuwapa viti. Karani wake, kijana aliyekuwa akiona haya kidogo, alitafsiri.

"Mpaka ulionyeshwa na mwenyeji," bwana akasema. "Alitangulia kwa miguu yake mwenyewe. Ni mumeo, au siye?"

"Ni mume wangu," Namkunda akasema. "Na alitangulia kama mnavyotangulizwa nyinyi mkija kwetu, pakavu na penye kivuli. Mngekuja kama watu wa kazi mngepitishwa penye kazi. Je, yule mkalimani aliwaambia alichoonyeshwa kwa kidevu?"

Karani alitafsiri nusu. Namkunda alijua ni nusu, maana maneno yake yalikuwa mengi na ya karani yalikuwa machache, akamwambia, "Mwanangu, maliza." Karani akamaliza. Bwana akasema karatasi ikishaandikwa imeandikwa. Kisha akawaambia, kama anayewapa habari njema, kwamba kiangazi kile watu wa Vughere watachimba barabara ya mpakani kutoka nyikani hadi msituni, wao wenyewe, kwa mikono yao. Akamwamuru karani awasomee amri. Ndani ya amri ile mlikuwa na maneno ambayo karani aliyasoma polepole zaidi kuliko mengine, na wapo wanaosema alimtazama Namkunda alipoyasoma: mpaka ni mstari wa vigingi hadi barabara itakapokwisha kuchimbwa; ikishachimbwa, mpaka ni barabara.

Namkunda alimwomba asome tena, akasoma tena. Njiani kurudi walipumzika mtoni. Namkunda alipoinama kunywa maji akasema, "Wamepima kwa mguu wa Kajiru. Sasa watapima kwa jembe langu."

Mjue jinsi lilivyokuwa jambo la kuchukiza. Watu walionyang'anywa maji waliamriwa wachimbe wenyewe mstari wa kunyang'anyiwa, tena bila ujira, tena kwa kuitwa na pembe lao la msaragambo, ambalo kazi yake siku zote ilikuwa kuwaita watu kwenye kazi yao wenyewe. Wazee walikaa kikao. Wengine walitaka kukataa, wengine waliogopa viboko. Namkunda hakuingia kikaoni, ila alisimama mlangoni na mtungi kichwani, na walipochoka kuongea aliwaambia waende wakavitazame vigingi. Walikwenda. Vigingi vya saruji vilikuwepo, kimoja chini, kimoja juu. Vile vya mti vyote vilikuwa vimeliwa na mchwa. Ukivigusa vilibaki vumbi mkononi. Katikati ya saruji na saruji hapakuwa na mstari wowote isipokuwa ule uliokuwa kichwani mwa mnyapara.

Palibaki huyo mnyapara, ambaye boma lilimweka kuwa msimamizi wa barabara; kila siku alisimama na fimbo yake, na kila siku alinyoosha mkono kuelekeza kule juu. Pembe likabaki juu ya jiko, na barabara ikachimbwa bila pembe kutoka nyikani, ikapanda, imenyooka kama alivyotaka. Ilipokaribia ndiva, ndiva ilikuwa inavuja. Tangu ichukuliwe, wenyeji hawakuikandika. Nani angemkandikia mtu wa mkonge? Maji yalipungua na mashine ikawa inasimama mchana. Mnyapara alikuwa tayari amekandika mara moja kwa watu wake mwenyewe, wasiojua kazi, waliotembea juu ya udongo siku ile ile. Ukapasuka, mashine ikakaa wiki tatu bila maji, na yeye akatukanwa na bosi wake mbele ya watu. Sasa alikuja kwa Kajiru amepunguza sauti.

Namkunda ndiye aliyejibu. "Itakandikwa," akasema. "Ila utaifunga siku nne kama inavyofungwa. Wewe usikanyage, watu wako wasikanyage, wala msije karibu."

"Na barabara?"

"Tutaendelea na barabara. Sisi tunajua pa kukanyaga."

Mnyapara alikubali, na wala hakufikiri sana, kwa sababu alichokiogopa ni kutukanwa tena.

Namkunda akaingia ndani. Kajiru alikuwa jikoni, akitazama moto. Mkewe alilitungua pembe mwenyewe, akalifuta masizi kwa kanga, akamwekea magotini. "Baba Mbonea, ulimpitisha mgeni pakavu. Hukukosea adabu. Waliokosa adabu ni wao. Sasa wapulizie watu."

Pembe lilisikika hadi msituni. Walikandika ndiva siku ile, na kulipopambazuka siku iliyofuata, ya kwanza kati ya zile nne, Namkunda alichukua mtungi mkuukuu wenye tundu kitakoni, ambao hakuna mwenye akili angeuchotea maji. Akaujaza kijitoni, akajitwika. Akasimama pale barabara ilipokuwa imefikia, akaanza kutembea. Hakwenda juu kwenye njia ya kivuli. Alikata kulia, akaufuata kwa nje ule ukingo mbichi bila kuugusa, akapita kwenye masale ya mpaka, isale kwa isale, matope yakimfika magotini, maji yakimtiririka kutoka kwenye mtungi na kuacha alama nyuma yake. Nyuma ya maji walikuja wanawake na majembe, nyuma ya wanawake wanaume na mawe. Mtungi ulipokauka aliujaza tena. Pale pa tope walilaza magogo na kumwaga changarawe. Hakuna aliyekunywa hata tone la dengelua, nawaambia. Watu walikula viazi vya baridi wamesimama. Siku ya nne jioni barabara ilikuwa imeizunguka ndiva yote na kurudi kukutana na mstari wa juu.

Kule juu iliwashinda kuipinda tena. Kigingi cha juu cha saruji kilikuwa kimesimama katika migomba ya marehemu mama yake Kajiru, na mnyapara alikuwa amekaa karibu nacho siku zote nne, kwa kuwa hapo palikuwa mbali na ndiva na penye ndizi mbivu. Migomba ile ilikatwa. Sehemu yake ya mashariki ilikwenda na mkonge, na haijarudi mpaka leo. Msidhani walipata kila kitu.

Mnyapara alipoteremka na kukiona kiwiko alipiga kelele hadi akakauka sauti. Lakini barabara ilikuwa imekwisha, na bwana wa boma alikuwa njiani kuja kuikagua kwa gari lake, la kwanza kupanda mlima ule. Alipanda vizuri, akafika kwenye kona, gari likakata kulia na yeye akalalia mlango. Likazunguka, likarudi. Akasimamisha. Watu wote wa Vughere walikuwa wamejipanga pembeni, miguu ina tope kavu. Mnyapara akaanza kueleza, akionyesha njia ya mgongoni kwa fimbo. Karani, aliyekuja naye garini, alikuwa na karatasi mkononi na, bila kuulizwa, akasoma: ikishachimbwa, mpaka ni barabara.

Bwana wa boma alitazama kule juu, akatazama chini. Kuchimba upya kungeingia masika. Isitoshe ingebidi ateremke garini na kuikagua njia ile kwa miguu, na kati yake na njia palikuwa na ndiva, na kati ya ndiva na viatu vyake palikuwa na tope. Akauliza kwa hasira ni nani aliyepinda barabara ya serikali, na kwa nini.

Kajiru akasogea mbele. Alikuwa na pembe lake begani. Aliinamisha kichwa kwa adabu ile ile ya siku zote.

"Mgeni hapitishwi matopeni, bwana," akasema. "Tumekuzungushia pakavu."

Namkunda alitazama chini ili uso wake usionekane. Bwana alitia sahihi juu ya boneti la gari. Lakini mtu wa aina ile hawezi kushindwa bila kuacha uchafu nyuma yake. Chini ya sahihi aliandika kwamba barabara imepinda kwa sababu vibarua wa Vughere walikuwa wamelewa. Huko ndiko uongo ulikotoka. Uliandikwa na mtu aliyeona uvivu kuteremka garini, na nyinyi mnausimulia kama mmeurithi. Kwenye ramani kiwiko hakina jina. Sisi tunakiita Kiwiko cha Namkunda, na atakayekiita kingine asiniombe maji.

Siku ile ile watu walizibua mbao na mawe ya mnyapara, wakaziba tundu la upande wa mkonge, na maji yakateremka kwa mifereji hadi shamba la mwisho. Yalipofika, mahindi ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kufa. Namkunda alisimama mfereji ulipoishia akayatazama yakiingia kwenye mabua makavu, kisha akaenda kutafuta mbegu.

Na tangu siku hiyo, Vughere mpaka haupimwi kwa kamba. Jirani wakigombania shamba, mwanamke mzee wa nyumba hutwishwa mtungi wenye tundu, naye hutembea, na panapolowa ndipo panapopandwa masale. Na tangu siku hiyo mgeni wa harusi na mgeni wa msiba tunampitisha pakavu, kama zamani. Lakini mgeni aliyekuja na karatasi tunampitisha matopeni. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wa ofisi ya ardhi, wana vyombo vidogo vya mkononi vinavyozungumza na mbinguni, wakasema wao hawana haja ya kutembea. Mbonea sasa ni bibi, ndiye anayelitunza pembe, na magoti yanamuuma. Aliwasalimu vizuri, akawapa makande wakashiba. Kisha akajitwika mtungi, akaelekea kwenye masale, akawaambia wavue viatu.